Msimfundishe Kitu

Mwanangu wa kike alikuwa na miaka minane, anakijua kitabu chake cha darasa la kwanza chote kwa moyo, tangu jogoo wa ukurasa wa mwanzo mpaka maswali ya mwisho, na hakuwa anaweza kusoma hata neno moja. Jambo hili lilituchukua miaka miwili kuligundua. Akifungua ukurasa wa ndizi anasoma ndizi, ukurasa wa mbuzi anasoma mbuzi, kwa sauti ya kupanda na kushuka kama ya chuo cha Kurani, na nani angedhani? Siku mwalimu alipompa kitabu kilichogeuzwa miguu juu, naye akaendelea kusoma bila kukosea, ndipo nilipoitwa.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa maneno machache na feni mbovu. Aliniambia mtoto amekwisha rudia darasa, hawezi kurudia tena, na nje kuna watoto wanaosubiri kiti. Lakini nikimletea barua ya mtaalamu inayoeleza mtoto ana nini na afundishwe vipi, atamhifadhia nafasi. Nisipoileta kabla shule hazijafunguliwa, mtoto atabaki nyumbani. Nilitoka pale nimekasirika, na kwa kuwa sikuwa na wa kumgombeza, nikamgombeza muuza mihogo.

Mimi nilizaliwa Unguja kwa wazazi Wangazija, nikaletwa Moroni, mji wa Ngazija, nikiwa msichana, ndiyo maana naandika haya kwa Kiswahili. Mazungumzo mengi ya humu yalikuwa kwa Kingazija na Kinzwani, na mengine kwa kelele tu. Mume wangu ni mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani, fundi wa kuchonga milango. Zamani alikuwa anakuja Moroni kila nyumba ya arusi ilipojengwa, na hivyo ndivyo alivyonipata. Kisha Nzwani ikajitenga na visiwa vingine, ikapandisha bendera yake, na kazi ya milango ikamshika kwao. Mimi nikabaki Moroni, mtaani kwetu Badjanani, na mtoto, na likizo ile mtoto alikuwa kwa baba yake. Majirani zangu wakiniuliza mume wangu yuko nchi gani sasa, nilikuwa nawajibu yuko nchi ya waume wote: mbali.

Mtaalamu alipatikana kwa bahati. Kila msimu wa arusi kubwa wanarudi watu wetu wa Marseille, wale tunaowaita jeviens, na mmoja wao mwaka ule alikuwa binti wa Ikoni, mji wa jirani, aliyesomea namna ubongo wa mtoto unavyofanya kazi: unavyokumbuka, unavyosikiliza, unavyosoma, unavyopanga mambo. Hakuwa daktari wa sindano, lakini sisi tulimwita daktari, na hakukataa. Alikuja kumwoza dada yake, na katikati ya ngoma na nyama akakubali kuwapima watoto wachache katika chumba cha zahanati moja mjini.

Nilimkuta Ikoni, kwao, ameketi juu ya mkeka, mikono yote miwili imepakwa hina, ameinyanyua hewani asiguse kitu. Hakuweza kuandika wala kushika simu, basi kila alichotaka nikijue alinitolea kwa mdomo.

"Msimfundishe kitu," aliniambia. "Mlete kama alivyo. Alale vizuri, ale asubuhi. Mwambie ukweli: si mtihani, hakuna kufaulu wala kufeli, ni michezo na kazi kidogo ili tumjue. Lete madaftari yake. Na dada, nakuomba tena, msimfundishe kitu."

Akanipa Jumanne ya mwisho kabla ya safari yake ya kurudi. Nikamshukuru na nikamkuna pua, maana ilikuwa inamwasha na mikono yake haikuwa yake.

Nyumbani nilimweleza kaka yangu. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, lakini mtoto ana mjomba wake, na mjomba ndiye mwenye neno. Kaka yangu alikuwa ameshafanya arusi yake kubwa, ile inayompa mwanamume cheo kwetu, anakaa mstari wa mbele kwenye baraza, na alikuwa na tabia ya kuchukua kila jambo kama posa.

"Amesema tusimfundishe kitu?" akauliza.

"Kitu."

"Mtu wa Ikoni?"

"Wa Ikoni."

"Wa nyumba nzuri?"

"Nzuri sana."

Akamtazama mama yangu, mama akamtazama yeye, wote wakatabasamu.

"Basi amesema kwa adabu," akasema kaka. "Mkwe wetu aliponiambia njoni wenyewe tu, msilete kitu, tulikwenda vipi?"

"Huyo alikuwa mkwe wako wewe, si wangu."

"Tulikwenda vipi?"

"Na ng'ombe."

"Na ng'ombe," akarudia kaka yangu, akaweka mguu juu ya mguu.

Nilibisha mpaka koo likakauka. Niliwaambia huyu amesoma, anasema anachokimaanisha. Mama akanipapasa mgongo kwa huruma na kusema mtu akisoma ndiyo anazidi adabu. Kwao ilikuwa wazi: mgeni wa heshima hakwambii "niandalieni", na wewe ukimpokea mikono mitupu umejidhalilisha mwenyewe. Kumpeleka mtoto hajaandaliwa mbele ya bibi aliyetoka Marseille ilikuwa sawa na kumwekea mgeni sinia tupu na kumwambia bismillahi.

Lakini mtoto mwenyewe alikuwa Mutsamudu, na simu za Nzwani siku zile zilikuwa zimekatwa. Nikapanda meli ya mizigo. Sitaeleza safari ile ila kusema kwamba nilitapika nchi mbili kwa mpigo, maana nilianza kwenye maji ya serikali na nikamalizia kwenye maji ya waliojitenga. Bandarini vijana wenye bunduki walinikalisha mbele ya meza ya shule iliyokatika mguu.

"Umefuata nini?"

"Mwanangu. Ana miadi ya daktari Moroni."

"Kwani hapa hatuna madaktari?"

"Mnao."

"Basi?"

Nilikuwa na jibu zuri sana. Nikalimeza, nikasema ni daktari wa wanawake wa arusini, jambo lisilokuwa na maana yoyote, na wakanipisha kwa sababu mwanamume hapendi kuonekana hajui.

Mama mkwe wangu nilimkuta juu ya paa anaanika karafuu. "Kwezi," nikamwamkia, akanijibu "mbona" bila kugeuka, kisha akageuka, akaniona nilivyokonda, akafurahi. Nikamweleza habari ya shule, ya barua, ya daktari. Alisikiliza mpaka mwisho mkono wake ukiendelea kutandaza karafuu.

"Anayepima ni Mngazija?"

"Ndiyo, koko." Tulikuwa tunamwita koko, bibi, sote, kwa ajili ya mtoto.

"Basi ameshaandika jibu. Ataandika ujinga umetoka upande wa baba."

"Hakuna aliyesema ujinga, koko."

"Nyumba hii haijapata kutoa mjinga tangu zama za masultani," akasema, akamwita binti yake kwa sauti iliyoshuka ngazi zote na kutoka uchochoroni.

Wifi yangu alikuwa ameishi kisiwa cha Reunion, na huko mwanawe alipimwa hivyo hivyo. Akili yake haisahau kitu, hasa kisichomhusu. Akatueleza yote: kuna vibao vya rangi vya kupanga kama mfano, kuna namba unatajiwa uzirudishe kinyumenyume, kuna picha zilizopungukiwa kitu useme kitu gani, kuna hadithi unasomewa uisimulie. Nikapunga mikono. Nikasema daktari amekataza, amesema msimfundishe kitu.

Mama mkwe akaacha karafuu. Kwa mara ya kwanza alimzungumzia mtu wa Ngazija kwa sauti ya upole.

"Masikini, ana adabu huyo binti," akasema. "Wamemlea."

Wakati ule wakubwa wa visiwa vyetu walikuwa wanapanda ndege kwenda nchi za watu kutafuta jambo moja tu ambalo Ngazija na Nzwani wanaweza kukubaliana. Wangekuja kwetu, tungewapa na chai.

Mume wangu akaagizwa vibao. Nilimwomba avifanye vitupu, vya mraba, rangi nyekundu na nyeupe, basi. Akaniitikia. Ni mtu mpole, hajapata kunikatalia jambo, na hajapata kunifanyia kama nilivyosema. Siku ya pili akaleta vibao tisa, kila kimoja kimechongwa ua la yasmini kila upande, na kingo zimezungushiwa nakshi ya mkufu.

"Nilikwambia vitupu!"

"Vilikuwa vitupu," akasema. "Nikaviona vinasikitika."

Mafunzo yakaanza. Koko alichukua namba, akamfundisha mtoto kwa tasbihi: punje tatu kwenda, punje tatu kurudi, kisha nne, kisha tano. Wifi yangu alichukua picha. Alimchora mwanamke asiye na pua, akauliza amepungukiwa nini.

"Hana shiromani," akasema mtoto.

"Mtazame usoni."

"Ametoka nje bila shiromani," akasema mtoto, macho yamemtoka kwa fadhaa, na koko akakubali kwamba mwanamke wa Mutsamudu aliyetoka mlangoni bila kujitanda vazi hilo hana haja ya kutafutwa pua. Wifi akachora upya, shiromani kichwani, pua hakuna. Mtoto akasema sasa anaonekana vizuri.

Nilikuwa nacheka, nitasema kweli, lakini moyo ulikuwa unaniuma. Mchana mtoto alikuwa anakwenda karakanani kwa baba yake. Huko hakuna aliyemwuliza kitu, na alikuwa mtu mwingine. Alipanga patasi kwa ukubwa, alijua ipi imepotea kabla baba yake hajajua, alishika ubao akasema huu umepinda. Jioni nikamwona tena mbele ya koko, mabega yamepanda masikioni, anarudisha namba. Na kila aliporudisha sawa, nyumba nzima ilipiga vigelegele, na mtoto alitutazama mmoja mmoja kuhakikisha tumeridhika.

Siku ya kuondoka, bandarini, alikuwapo kijana yule yule wa bunduki na meza ile ile ya miguu mitatu. Mtoto alikuwa ameambiwa na shangazi yake kwamba atakalishwa mbele ya mtu asiyemjua, nyuma ya meza, aulizwe maswali. Akaketi. Akanyoosha gauni.

"Jina la baba yako?" akauliza kijana.

Akalitaja.

"Una miaka mingapi?"

"Minane."

"Wewe Mngazija au Mnzwani?"

Mtoto akafikiri. "Sasa namba," akamwambia.

"Namba gani?"

"Unazitaja, mimi nazirudisha."

Kijana akatutazama, akatazama bunduki yake, kisha akasema, "Nne, tisa, mbili."

"Mbili, tisa, nne."

Wenziwe wakasogea. Wakampa nne, akazirudisha. Wakampa tano, akazirudisha. Mmoja akasema hilo jambo dogo, nipeni na mimi. Akapewa nne akapotea katikati, wakamcheka mpaka akavua kofia. Ikawa shindano. Nahodha wa meli akaanza kupiga kelele kwamba maji yanatoka, na mkubwa wao, aliyekuwa amekwama kwenye namba zake, akamwambia anyamaze amechanganya hesabu. Tulipita bila kufunguliwa hata kifurushi kimoja. Mtoto akaniuliza kama amefaulu.

"Huyo siye daktari, mama," nikamwambia.

"Kumbe bado?" akasema, na uso ukamshuka.

Moroni zamu ikawa ya upande wangu. Mama alimnywesha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya waridi, akamlisha na vichwa vya samaki kwa ajili ya ubongo. Kaka yangu alishughulikia lugha: akashikilia mtoto ajibu kwa Kifaransa, kwa hoja kwamba akili ya nyumbani ni Kingazija, lakini akili ya serikali ni Kifaransa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu duniani angelifanya isipokuwa mzee wa arusi kubwa wa Moroni. Alivaa kanzu, akachukua halua, akapanda teksi kwenda Ikoni, akazunguka nyumba za watoto waliokwisha pimwa na binti yule wiki hiyo, moja baada ya moja, kuwapa wazazi wao pole na hongera. Huwezi kumfukuza mtu aliyekuja na halua. Alirudi na mtihani mzima kichwani.

"Kuna karatasi ya kusoma," akatuambia, akiketi taratibu kama mtu aliyebeba mayai. "Mbuzi amenyeshewa na mvua. Nimeipata mstari kwa mstari."

"Kaka," nikamwambia, "barua tunayoitaka ni ya kusema hawezi kusoma."

"Ndiyo. Lakini asionekane hawezi."

Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mama akasema penye wengi hapaharibiki neno. Nikamwambia penye wengi sasa ndipo panapoharibika. Wakati tunagombana, mtoto alikuwa amekwisha kumshika mbuzi na mvua yake, ameyasikia mara mbili tu kwa mjomba wake.

Jumatatu jioni amri ilikuwa mtoto alale mapema, na hiyo angalau ilikuwa amri ya daktari. Basi ukoo wote ukaja kumwambia alale mapema. Aliyemkuta macho alimhimiza alale, na aliyemkuta amelala alimwamsha kumpongeza. Nilisimama mlangoni na mwiko.

Asubuhi tulikwenda zahanati kama tunapeleka bibi arusi. Mbele kaka na joho lake, nyuma mama na msindzano, ile liwa yetu ya manjano, usoni, kisha shangazi zangu na sinia la mikate, kisha mimi na mtoto katikati, amevalishwa gauni la kung'ara lenye kukwaruza shingo. Daktari akafungua mlango. Alitutazama tangu mwanzo wa safu mpaka mwisho, akatazama sinia, na nikaona anakumbuka ametoka nchi gani.

"Mama na mtoto tu," akasema.

Kaka akasema hapana shaka, akaingia. Akatolewa kwa heshima kubwa.

Niliwekwa kwenye kiti pembeni, nyuma ya mtoto, nikaambiwa nisiseme, nisikohoe, nisitikise kichwa. Daktari akamwambia mtoto kwa Kingazija, kile Kingazija cha jeviens kinachobaki umri ule ule walioondoka nao, kwamba leo hakuna kufaulu wala kufeli. Mtoto akamjibu kwa Kifaransa kwamba anamshukuru sana bibi. Daktari akaandika kitu.

Vibao vilikuwa vya plastiki. Mtoto alivigeuzageuza kutafuta maua, hakuyaona, akavionea huruma, kisha akavipanga upesi mpaka daktari akasahau kuangalia saa yake. Namba akazirudisha huku kidole gumba kikihesabu punje zisizokuwapo. Kwenye picha alitaja kila kilichopungua. Daktari alianza kumtazama kwa jicho la mtu anayekula chakula kitamu na kujiuliza nani amekipika. Mwisho akatoa karatasi ya kusoma, na hata pale nilipokaa niliona picha ya mbuzi.

Mtoto akasoma. Alisoma kwa vituo, kwa sauti safi, kidole kikitembea juu ya maneno kama cha mtu anayeyaona. Hakukosea hata pumzi.

"Anasoma vizuri," akasema daktari, ananiambia mimi. "Sielewi kwa nini shule imemleta."

Miezi yote ile nilikuwa nataka mtu mmoja aliyesoma aniambie mwanangu hana kasoro, na sasa nimeambiwa, na maneno yale yalikuwa yanamfungia mlango wa shule. Daktari alikuwa amechukua kalamu. Nikafungua mdomo na hakikutoka kitu, kwa sababu kusema ilikuwa kumfedhehesha mtoto mbele ya mgeni, na kunyamaza ilikuwa kumpoteza. Nilikaa vile, mdomo wazi, kama samaki changu sokoni.

Mtoto akaweka mkono juu ya karatasi ya daktari, mahali pa kuandikia.

"Hiyo sikuisoma," akasema. Kifaransa kilikuwa kimemwisha. "Hiyo naijua. Mjomba amenifundisha. Na vibao baba amenichongea, na namba ni za koko. Nipe ambayo hawajanifundisha."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kwa nini unataka hiyo?"

"Ukiandika najua kusoma, watanipa kitabu kingine. Na hicho nani atanisomea kwanza?"

Nilijiziba mdomo kwa buibui langu. Nilikuwa nimemwona mwanangu mvivu, nimemwona mtundu, nimemwona amerogwa, nilikuwa nimemwona kila namna ila hiyo, ya mtu mdogo aliyekuwa amebeba shule nzima kichwani peke yake na sasa amechoka.

Daktari akapekua mkoba wake, akatoa karatasi ya kwanza iliyomjia mkononi, kadi ya mwaliko wa arusi ya dada yake. Akaiweka mezani. Mtoto akaishika kwa mikono miwili. Akakunja uso. Kidole kikaenda, kikarudi, kikasimama. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Nilitaka kumsaidia kama mtu anavyotaka kumsaidia anayejikwaa.

"Sijui," akasema.

Katika ukoo wetu sijapata kumsikia mtu akilitamka neno hilo mbele ya mgeni.

"Nionyeshe usipopajua," akasema daktari.

"Hapa. Hii na hii ni moja, lakini zinageuka." Alikuwa anaonyesha herufi mbili, moja tumbo lake mbele, moja tumbo lake nyuma. "Nikizishika zinatulia, nikienda kwa nyingine hizi zinageuka tena. Wewe unazifanyaje zisigeuke?"

"Kwangu hazigeuki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mama, na kwako?"

Nilikuwa nimekatazwa kusema, nikatikisa kichwa, nalo nilikuwa nimekatazwa. Mtoto akarudi nyuma kwenye kiti. Alikuwa ameamini kwa miaka miwili kwamba herufi zinamgeukia kila mtu, na kwamba wenzake darasani wana bidii tu kuliko yeye.

"Kumbe," akasema, polepole sana. Daktari akamwambia hilo lina dawa yake, si ya kunywa, ni ya kufundishwa kwa njia nyingine, taratibu, kwa sikio na kwa mkono, na kwamba ataiandika barua leo leo kabla ngoma haijaanza. Akaongeza kwamba asubuhi yote hiyo alikuwa amewapima mjomba, koko na shangazi, wana akili sana, na kwamba huyu alikuwa ndiyo kwanza amefika. Kisha akaanza upya, akafanya naye kazi mpaka adhuhuri, na mtoto alikosea mengi, na kila alipokosea mabega yake yalishuka kidogo kutoka masikioni.

Mlango ulipofunguliwa, ukoo wote ulisimama. Mikate ilikuwa imeliwa. Kaka yangu akatengeneza joho lake, akainama mpaka usawa wa mtoto.

"Haya. Tumefaulu?"

"Nimeshindwa!" akasema mwanangu, kwa ile sauti yake ya chuoni, ukumbi mzima wa zahanati ukasikia.

Shangazi zangu wakashika vifua. Kaka akanitazama mimi, akamtazama daktari, akatafuta pa kushika.

"Umeshindwa vipi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Vizuri," akasema mtoto, akaanza kujifungua vifungo vya lile gauni shingoni. "Mwenyewe."

Nikalia pale pale, mbele yao wote na wagonjwa wa watu, na sikuona haya hata kidogo.